Robert Koch: daktari aliyepima mafuta ya mimea, akafika hadi Ziwa Victoria

Jina la Kigarama, huko Kiziba kaskazini mwa Bukoba, limo katika vitabu vya historia ya tiba duniani. Mwaka 1907 Wajerumani walifungua hapo kambi ya wagonjwa wa malale. Kiongozi wa safari ya kitabibu iliyozaa kambi hiyo alikuwa mzee wa miaka 63, mwenye miwani na ndevu zilizotiwa mvi, ambaye wakati huo hakuna daktari duniani aliyemzidi umaarufu. Aliitwa Robert Koch.

Msikilizaji wa Bukoba au Muleba anaweza kujiuliza mzee huyo anatuhusu nini leo. Anatuhusu kwa sababu ya swali linalorudi mara kwa mara vijijini kwetu: je, majani na mafuta yenye harufu kali, kama ya kivumbasi, mchaichai, mkaratusi au karafuu, yanaua vijidudu kweli? Na kama yanaua, je, yanaua hata vile vinavyoishi pasipo hewa, kama kijidudu cha pepopunda? Koch ni mmoja wa watu wa kwanza kabisa kulichukua swali la namna hiyo kutoka kwenye mazungumzo na kuliweka kwenye meza ya vipimo. Majibu tunayopewa leo na maabara bado yanafuata njia aliyoichonga yeye, pamoja na makosa aliyoyafanya.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, milimani Ujerumani. Baba yake alifanya kazi kwenye migodi, na nyumba ilijaa watoto. Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka mitano aliwashangaza wazazi wake kwa kusoma gazeti, akiwa amejifundisha mwenyewe. Alisoma udaktari Göttingen akamaliza mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake huko, Jakob Henle, alikuwa ameandika zamani kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Wengi waliona hilo ni dhana tu. Koch alitibu majeruhi katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, kisha mwaka 1872 akapangiwa kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland.

Kimeta na shamba lenye kisirani

Wollstein ilikuwa nchi ya wakulima na wafugaji. Ng'ombe na kondoo walikuwa wakifa kwa kimeta, na binadamu waliogusa mizoga wakaugua pia. Kilichowachanganya watu ni mashamba fulani. Mfugaji alipeleka kundi lake malishoni mahali ambapo hakuna mnyama aliyekufa kwa miaka kadhaa, na wiki moja baadaye anazika. Watu walisema shamba lile lina kisirani.

Koch hakuwa na maabara. Mke wake, Emmy, alimpatia hadubini. Alitenga sehemu ya chumba chake cha kutibia wagonjwa, akaanza kazi baada ya saa za wagonjwa. Hakuwa na sindano nzuri, kwa hiyo alichonga vijiti vyembamba vya mbao, akavipasha moto visiwe na uchafu, akavichovya katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta na kuvichomeka kwenye mkia wa panya. Panya alikufa. Damu ya panya huyo ikapelekwa kwa panya mwingine, naye akafa. Alihitaji pia mahali pa kuotesha vijidudu nje ya mwili, akatumia maji ya ndani ya jicho la ng'ombe kutoka machinjioni.

Hapo akaona kitu ambacho wenzake hawakukiona. Vijidudu vya kimeta, vinavyofanana na vijiti, hufa haraka vikikosa chakula na hali nzuri. Lakini kabla ya kufa, ndani ya vile vijiti hujitengeneza chembe ngumu zinazong'aa, mfano wa mbegu. Wataalamu huziita spora. Spora haili, haikui, haisumbuki. Inakaa udongoni miaka na miaka ikisubiri, na ikiingia mwilini inaota upya. Basi hicho ndicho kilichokuwa kisirani cha shamba. Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau kumwonyesha profesa Ferdinand Cohn kazi yake, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka huohuo. Daktari wa wilaya asiyejulikana akawa jina kubwa.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Ng'ombe akifa ghafla na damu ikatoka puani au sehemu ya haja na isigande, asichunwe wala asigawiwe jirani. Ukimpasua unaipa hewa ile damu, na spora zinajitengeneza juu ya udongo wa rweya ambako wanyama wengine watalisha. Mwite afisa mifugo.

Nyuzi za hariri

Mwaka 1880 Koch alihamishiwa Berlin, katika ofisi ya afya ya serikali. Mwaka uliofuata, 1881, alichapisha kazi ndefu kuhusu dawa za kuua vijidudu. Makala nyingi za maisha yake huipita kazi hii haraka ili zifike kwenye kifua kikuu. Sisi tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo mafuta ya mimea yanapoingia.

Kabla yake, dawa ya kusafisha ilipimwa kwa pua. Jeraha likinuka, unapaka kitu chenye harufu kali, uvundo ukiisha mtu anasema vijidudu vimekufa. Koch hakuridhika. Alichukua nyuzi za hariri, akazilowesha katika maji yenye spora za kimeta, akazikausha. Kisha uzi mmoja mmoja ukatumbukizwa katika dawa fulani kwa muda fulani, ukatolewa, ukawekwa juu ya chakula safi cha vijidudu. Kama spora zimekufa, hakuna kitakachoota. Kama zimelala tu, zitaota.

Jaribio hilo dogo liligawanya swali moja kuwa mawili. La kwanza: je, dawa inazuia kijidudu kisikue? La pili: je, inakiua? Ni maswali tofauti kabisa, kama tofauti ya kumfungia mwizi nje na kumkamata. Asidi ya kaboli, ambayo madaktari wa upasuaji waliitegemea mno siku zile, iliua vijidudu vilivyo katika hali ya vijiti lakini ilikuwa dhaifu sana mbele ya spora. Na ilipochanganywa na mafuta au spiriti badala ya maji, nguvu yake ilipotea. Hili liliwashtua watu, kwa sababu madaktari walikuwa wakipaka vidonda mafuta yenye kaboli wakiamini wamevilinda.

Miongoni mwa vitu alivyopima kulikuwa na mafuta ya kunukia: ya haradali, ya mnanaa, ya tapentaini inayotoka kwenye misonobari, na thaimoli, kiini kikali kilichomo katika mimea fulani jamii ya mnanaa. Aligundua kwamba baadhi yake, hata yakiwa kidogo sana ndani ya maji mengi, yalizuia vijidudu vya kimeta visikue. Kwa hiyo waliosema mimea ya harufu ina nguvu hawakuwa waongo. Lakini kuzuia si kuua, na kijiti si spora.

Sayansi ya baadaye imeeleza sababu. Kijidudu kimezungukwa na ngozi nyembamba sana yenye asili ya mafuta. Thaimoli, na yujenoli iliyomo kwenye karafuu, hujipenyeza katika ngozi hiyo kwa kuwa mafuta huelewana na mafuta. Ngozi inalegea, vilivyomo ndani vinavuja kama maji kwenye debe lililotoboka. Spora haina ngozi laini ya namna hiyo kwa nje. Ina magamba mazito, tabaka juu ya tabaka, na mafuta hayapiti kirahisi.

Vijidudu vinavyochukia hewa

Katika maabara ya Koch alikuja kijana kutoka Japani, Shibasaburo Kitasato. Alipewa tatizo gumu. Tangu mwaka 1884 ilijulikana kwamba udongo wa kawaida ukiingizwa chini ya ngozi ya mnyama unaweza kumletea pepopunda, na kijidudu kilikuwa kimeonekana kwa hadubini. Lakini hakuna aliyeweza kukiotesha kikiwa peke yake. Kila walipojaribu, viliota vingine.

Mwaka 1889 Kitasato alipata njia. Kwanza aliupasha moto ule mchanganyiko hadi nyuzi joto 80, vijidudu vingine vikafa na spora za pepopunda zikabaki hai. Halafu akaondoa hewa kwa kupitisha gesi ya haidrojeni na kuziba chombo. Kijidudu kikaota. Ikawa wazi kwamba hiki ni kiumbe kinachozuiliwa na oksijeni ile ile inayotupa sisi uhai. Ndugu zake ni wale wanaoleta chambavu kwa ng'ombe na kuoza kwa vidonda vya vita.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini msumari unaotoboa kisigino kibanjani ni hatari kuliko mchubuko mpana wa goti. Tundu la msumari ni jembamba, linajifunga juu, hewa haifiki chini. Spora zilizokuwa zimelala kwenye samadi zinaamka. Hapo sasa hata upake nini juu ya ngozi, hakifiki zilipo. Na kikifika, kinakuta kazi imekwisha fanyika, kwani pepopunda haiui kwa kuuenea mwili. Kijidudu kinakaa palepale kidondani kikitoa sumu, na sumu inasafiri kwenye mishipa ya fahamu hadi taya linakaza na mgongo unapinda. Mwaka 1890 Kitasato na Emil Behring walionyesha kwamba mwili wa mnyama unaweza kuzoeshwa sumu hiyo hadi ukatengeneza kinga, na kwamba kinga hiyo hupatikana katika damu. Chanjo anayopewa mama mjamzito katika zahanati zetu inatokana na kazi hiyo.

Kitovu cha mtoto mchanga ni kidonda cha aina hii hii. Majani yaliyopondwa yanaweza kuwa na mafuta yenye nguvu ndani yake, lakini yaliokotwa chini, yakapondwa kwa mikono au juu ya jiwe, na yanakuja na udongo. Unaweka mafuta kidogo na spora nyingi kwa wakati mmoja. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imedhibiti pepopunda ya mama na mtoto mchanga. Ushindi huo ulitokana na chanjo na uzazi safi, na spora zingali udongoni pale pale.

Kuna mahali ambapo mafuta ya kunukia yanawafikia vijidudu visivyopenda hewa, napo ni mdomoni. Kati ya jino na ufizi kuna vijishimo visivyo na hewa, na vijidudu vinavyooza fizi huishi humo. Dawa za kusukutua zenye thaimoli zimekuwa madukani tangu karne ya 19, na maabara zimeona thaimoli na yujenoli zikivizuia vijidudu vya fizi. Mafuta halisi ya karafuu ni makali hata hivyo, yakikaa juu ya ufizi yanauunguza.

Utukufu, kisha aibu

Tarehe 24 Machi 1882, jijini Berlin, Koch alitangaza kwamba ameona kijidudu cha kifua kikuu. Mwaka 1883 na 1884 alikwenda Misri na India akakipata cha kipindupindu. Wasaidizi wake waliboresha zana: mke wa mmoja wao, Fanny Hesse, alishauri ute wa mwani wa kupikia utumike kuotesha vijidudu, na Julius Richard Petri akabuni kisahani chenye kifuniko kinachotumika hadi leo.

Kisha likaja kosa. Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, akaficha imetengenezwa na nini. Wagonjwa kutoka nchi nyingi walikimbilia Berlin. Dawa haikuponya, na wengine walizidiwa wakafa. Mtu aliyewafundisha wenzake kutoamini dawa kabla ya kuipima ubavuni mwa nyingine alikuwa ameiamini ya kwake mapema mno. Kitu hicho kiliokolewa baadaye kama kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, na bado kinatumika kwa watu na kwa ng'ombe.

Alianza kusafiri sana. Mwaka 1897 akitoka India, ambako alichunguza tauni, alifika Dar es Salaam. Huko nyuma, habari zilikuwa zimetoka Kiziba za ugonjwa wa matezi unaoua haraka, ambao wenyeji waliuita rubunga. Daktari wa jeshi aitwaye Zupitza alitumwa Kiziba, akarudi pwani na sampuli, na Koch akaitambua tauni ndani yake. Lililo muhimu ni kwamba watu wa Kiziba hawakusubiri hadubini. Walikuwa wanajua tayari kwamba panya wakianza kufa ovyo ndani ya nyumba na migombani, ni wakati wa kuhama. Koch aliandika hilo, na likawa ushahidi kuhusu panya na tauni.

Dar es Salaam alifanya kosa jingine, akiwachukulia vimelea vidogo alivyowaona katika damu ya ng'ombe kuwa hatua ya ugonjwa mwingine. Miaka michache baadaye, kusini mwa Afrika, alijisahihisha: ulikuwa ugonjwa wa peke yake, ule tunaouita ndigana kali. Mwaka 1905 alirudi, akachunguza papasi na homa wanayoleta, na mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 alipanda tena kuja kwetu. Malale yalikuwa yakimaliza watu kando ya Ziwa Victoria, hasa upande wa Uganda. Baada ya Mwanza, Koch aliweka kambi katika visiwa vya Sese, ambako wagonjwa waliletwa kwa mitumbwi na wengine kubebwa. Alitumia Atoxyl, dawa yenye aseniki. Mwanzoni ilionekana kama muujiza: vimelea vilitoweka katika damu, waliokuwa wamelala wakaamka na kutembea. Halafu vikarudi. Koch akaongeza kipimo. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka, na macho yao hayakurudi.

Hapa sioni namna ya kumtetea. Wale hawakuwa panya wa Wollstein. Walikuja wakitafuta tiba, chini ya serikali za kikoloni ambazo kwao kuuliza maswali hakukuwa rahisi, na kipimo kiliongezwa ingawa ilijulikana kuwa dawa ile ni sumu. Kila anayesema dawa fulani inaua vijidudu lazima aseme pia inamfanya nini aliyeinywa, na hilo halichagui kama dawa imetoka kiwandani Ulaya au imechemshwa jikoni.

Kiziba nako wagonjwa walipatikana, wengi wakiwa watu waliokwenda Uganda kutafuta kazi. Ndipo ikafunguliwa Kigarama, chini ya daktari Robert Kudicke, kwa ushirikiano wa Mukama Mutahangarwa. Watu waliguswa shingoni kutafuta tezi, wakachomwa sindano za Atoxyl. Wengine waliona nafuu wakabaki, wengine waliondoka zao walipochoka na maumivu. Koch mwenyewe aliondoka Afrika Mashariki mwishoni mwa 1907, akiwa ameshauri, pamoja na mambo mengine, mamba wauawe kwa kuwa mbung'o wa kando ya ziwa walikuwa wakinyonya damu yao.

Alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi yenye jina lake.

Karibu miaka mia moja baada ya Kigarama, watafiti wa tiba asili kutoka Muhimbili walikuja Kagera, safari hii wakianza kwa kuwauliza waganga na wazee. Walikusanya majina na matumizi ya mimea Bugabo na Katoro, Bukoba, kisha kijiji cha Kikuku wilayani Muleba, na kazi hizo zilichapishwa kati ya 2009 na 2012. Baadhi ya mimea ya Bukoba ilipimwa maabara. Dondoo zake ziliwekwa mbele ya vijidudu kuona kama vitakua, jambo ambalo Koch angelitambua mara moja. Na katika utafiti huo huo, dondoo ziliwekwa pia kwenye maji ya chumvi yenye kamba wadogo mno, kuhesabu wangapi watakufa, ili mti ujulikane una sumu kiasi gani kabla mtu yeyote hajapewa kikombe.